SUMU YA RISASI KAZINI: PAKITI YA MAZIWA HAIKULINDI



Wiki iliyopita mdau mmoja kaniandikia. Mdogo wake kamaliza kidato cha nne, kakaa nyumbani mwaka mzima, sasa kapata kibarua kwenye yadi inayovunja betri chakavu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo ndani. Hela inalipwa kila siku, tena si mbaya ukilinganisha na kubeba zege. Jioni bosi anawagawia vijana pakiti moja moja ya maziwa, eti ya kuondoa sumu. Mdau anauliza: "Kaka, hayo maziwa yanatosha, au nimwambie dogo aache?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta nimeandika kurasa kadhaa. Naziweka hapa ili na wengine wafaidike. Halafu kuna sababu nyingine: hayo maziwa mimi mwenyewe nimeshayanywa. Nilipomaliza shule nilikaa miezi kadhaa kwa fundi betri, nasugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya, najaza maji ya betri, na mchana nakula chapati kwa mikono ile ile niliyoipangusa kwenye suruali. Hakuna aliyenionya. Si kwamba fundi wangu alikuwa na roho mbaya. Naye hakuwahi kuonywa.

Kama uko kafe na dakika zako zinakwisha, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya KINGA, piga printi, kabandike gereji. Haya mengine utarudi kuyasoma.

TUNAONGELEA RISASI GANI?

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa vitu viwili: risasi ya bunduki na risasi ya madini. Tunaongelea madini, ile metali laini ya kijivu, nzito kuliko chuma, ambayo ukiikwangua kwa kisu inang'aa kidogo halafu inafifia. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, kwa hiyo jiko la mkaa likipulizwa vizuri linatosha. Hapo ndipo balaa linapoanzia: metali inayoyeyuka kirahisi hivyo haihitaji kiwanda kikubwa, inahitaji kikaango na mtu mwenye shida ya hela.

Orodha ya kazi zenye risasi ni ndefu kuliko unavyodhani:

- Betri za magari, pikipiki, bajaji na zile kubwa za sola. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya aina hii ni risasi. Anayeivunja na kuiyeyusha ndiye aliye hatarini kuliko wote.
- Mafundi rejeta. Rejeta za zamani za shaba zinaunganishwa kwa risasi, na fundi anazichoma kwa moto mkali uso ukiwa karibu.
- Mafundi rangi za magari, nyumba, meli na madaraja, hasa wanaokwangua, kupiga msasa au kuchoma rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani za njano, nyekundu na za kuzuia kutu zilikuwa na risasi.
- Mafundi redio, simu na kompyuta. Waya wa kuchomelea wa kawaida, ule wa 60/40, ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40.
- Vijana wa vyuma chakavu wanaochoma nyaya na kukata vyuma vilivyopakwa rangi.
- Wavuvi na mafundi wa pwani wanaoyeyusha risasi kutengeneza chubwi za mishipi na nyavu.
- Wachimbaji wadogo, pale mawe yenye dhahabu yanapokuwa na risasi pia. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sababu mawe ya namna hiyo yalikuwa yanasagwa majumbani.
- Walinzi na askari wanaofanya mazoezi ya shabaha ndani ya jengo lisilo na hewa.

Petroli haipo kwenye orodha. Petroli yenye risasi iliondolewa kwenye nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, Julai 2021. Wengi walipumua na kusema basi, sumu ya risasi imekwisha. Kwenye bomba la moshi la gari imekwisha, ndiyo. Kwenye yadi za betri bado tunayo.

INAINGIAJE MWILINI?

Njia ni mbili kubwa: mdomo na pua. Kushika kipande cha risasi kwa mkono mkavu hakukudhuru papo hapo, maana metali hii haipenyi ngozi kirahisi. Kinachokuangusha ni kile kinachobaki kwenye vidole, chini ya kucha, kwenye ndevu na kwenye ukosi wa shati, kisha kinaingia mdomoni na sigara, chapati, karanga au kalamu unayoitafuna.

Njia ya pua ni moshi na vumbi. Risasi ikiyeyushwa, kadiri joto linavyopanda ndivyo mvuke unavyoongezeka, na mvuke ule ukikutana na hewa unageuka chembe ndogo sana zinazofika hadi ndani kabisa ya mapafu. Usitegemee pua ikuonye. Unaweza kukaa siku nzima ndani yake na usisikie harufu ya kukutisha.

Kuna jambo la tumbo ambalo wengi hawalijui. Mtu mzima aliyekula hufyonza sehemu ndogo tu ya risasi aliyoimeza, kama asilimia 10 hivi. Akiwa na njaa anafyonza zaidi sana. Mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu ya anachomeza. Na mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu mwilini, risasi inapokelewa kwa mikono miwili, kwa sababu mwili unaidhania ni kalsiamu. Ndiyo maana ikishaingia inaenda kukaa kwenye mifupa na meno.

Kwenye damu kiasi kinapungua kwa nusu kwa takribani mwezi mmoja baada ya kuacha kuipata. Kwenye mifupa inakaa miaka kumi, ishirini, na zaidi. Mwanamke aliyefanya kazi hii akiwa msichana anaweza kubeba mimba baadaye, mifupa yake ikaachia kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi ikatoka pamoja nayo.

INAFANYA NINI?

Ubaya wake ni kwamba mwanzoni haifanyi kitu unachoweza kukiona. Mtu anaendelea kubeba, anacheka, anacheza mpira jioni. Baadaye vinaanza vitu vidogo vidogo: kichwa, uchovu, kukosa usingizi, hasira za ajabu, kusahau, viungo kuuma, ladha ya chuma mdomoni, tumbo kukaza na choo kuwa kigumu. Jamani, nani kati yetu hana hayo? Unaenda duka la dawa unapewa dawa ya malaria, wiki ijayo dawa ya vidonda vya tumbo, na hakuna anayeuliza unafanya kazi gani.

Ikizidi inapunguza damu, inaharibu figo, inapandisha presha, inalegeza mishipa mpaka mtu anashindwa kuinua kiganja chake. Kwa wanaume inaharibu mbegu. Kwa wajawazito mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Kiwango kikiwa kikubwa sana kinaleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 risasi ilichangia vifo zaidi ya milioni 1.5 duniani, vingi vikitokana na moyo na mishipa ya damu. Yaani watu hawaanguki kwenye tanuru. Wanakufa kwa presha miaka baadaye, na msibani hakuna anayeitaja betri.

Fundi wangu alisumbuliwa na presha na tumbo kwa miaka. Siwezi kusema ni risasi, kwa sababu hakupimwa hata siku moja. Hilo la kutopimwa ndilo linaloniuma mpaka leo.

SASA TUJE KWENYE MAZIWA

Imani ya maziwa ipo kila mahali: kwa wapiga rangi, wachomeleaji, mpaka viwandani. Imeenea kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwili wenye kalsiamu na chuma ya kutosha unafyonza risasi kidogo kuliko mwili wenye njaa. Kwa hiyo kula vizuri ni jambo jema: dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa, mayai.

Lakini tazama inavyofanyika yadi. Kijana kavuta moshi tangu asubuhi, umeshapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu. Saa kumi na moja jioni anapewa pakiti. Maziwa yanaenda tumboni. Hayaendi kwenye mapafu, hayaoshi damu, hayafuati risasi kwenye mfupa. Mbaya zaidi, akiyanywa kwa mikono michafu, akaing'ata kona ya pakiti kwa meno, anakuwa kajiongezea dozi.

Kwa bosi ile pakiti ni nafuu kuliko bomba la kutolea moshi, nafuu kuliko bafu, nafuu kuliko kipimo cha damu. Ndiyo maana inagawiwa. Wewe ukiipokea unaona umelindwa, na ukishaona umelindwa huulizi tena. Hapo ndipo maziwa yanapogeuka kuwa hatari.

Na hizi nyingine za kusafisha damu, iwe mitishamba, soda, chumvi ya kuharisha au mafuta ya nazi, nazo haziondoi risasi mwilini. Dawa za kweli zipo, zile zinazoikamata risasi ili itoke kwa mkojo, lakini ni za hospitali, zina madhara yake, na hapewi mtu anayerudi kesho yake kwenye moshi ule ule.

TUJIFUNZE KWA JIRANI: OWINO UHURU

Anayedhani ukuta wa kiwanda unazuia sumu aende Mombasa akaulizie Owino Uhuru. Ni kitongoji cha watu kama 3,000 hivi eneo la Mikindani. Mwaka 2007 kilianza kazi pembeni yake kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Watu wa pale walifurahi, ajira imekuja mlangoni.

Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa pale kushughulikia mahusiano na wananchi. Wataalamu waliokuja kutathmini mazingira walionyesha kwamba mahali pale hapafai. Ushauri wao haukufuatwa. Kisha mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa hiki na kile bila kupona, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mtoto hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Mama yake ndiye aliyekuwa anakwenda huko na kurudi.

Mama huyo aliacha kazi akaanza kupambana. Alikamatwa, alitishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wananchi iliamuliwa Julai 2020: Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliagiza walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha.

Hesabu mwenyewe. Kiwanda miaka saba. Kuanzia kilipofungwa mpaka uamuzi wa mwisho, miaka kumi. Na hukumu, hata iwe nzuri vipi, haitoi risasi kwenye mfupa wa mtoto.

Senegal nako, Thiaroye-sur-Mer nje ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo udongo ulijaa mabaki ya betri na watu walikuwa wanauchekecha nyumbani ili wauze risasi. Wazazi walitafuta riziki, vumbi likawapata wadogo.

Kwa hiyo unapoongelea usalama wako kazini, unaongelea pia yule anayekukimbilia mlangoni jioni na kukukumbatia miguu.

KINGA: FUATA MPANGILIO HUU

Watu wengi wanaanzia kwenye barakoa. Barakoa ni ya mwisho. Mpangilio wenyewe ni huu:

1. Iondoe risasi kwenye kazi. Fundi simu, tumia waya wa kuchomelea usio na risasi, upo sokoni. Mvuvi, chubwi za chuma au za mawe zinazama vilevile. Fundi rangi, nunua rangi ambayo kopo lake limeandikwa haina risasi. Fundi betri, usivunje betri. Iuze nzima, na maji yake yakiwa ndani, kwa mnunuzi anayepeleka kwenye kiwanda chenye kibali. Kuimwaga maji ili kuipunguza uzito ni kumwaga asidi na risasi kwenye ardhi unayokanyaga.

2. Tenganisha kazi na watu. Moto na vumbi viwe mbali na watu wengine, mbali na mama ntilie, mbali na nyumba za kulala. Kuyeyusha risasi uani au jikoni, hata kilo moja, hapana. Na sufuria iliyoyeyusha risasi isirudi kupika ugali kamwe, hata uisugue vipi.

3. Toa moshi na vumbi pale vinapozaliwa. Kiwandani ni mfuniko juu ya tanuru, bomba na feni ya kuvuta, na kichujio kabla moshi haujatoka nje. Feni ya mezani inayopuliza haitoshi, inahamisha sumu kutoka kwako kwenda kwa mwenzako.

4. Lowesha. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu, piga msasa wa maji. Sakafu isifagiliwe kavu, ideki kwa maji na tambara. Usijipulizie nguo kwa kompresa. Najua kila gereji inafanya hivyo na inaburudisha, lakini unajitengenezea wingu la sumu puani mwako.

5. Osha. Maji na sabuni, mikono na uso, kucha kwa brashi, kabla ya kula, kunywa, kuvuta sigara na kwenda chooni. Usile wala kuvuta mahali pa kazi. Chakula, maji ya kunywa na simu visikae kwenye meza ya kazi. Mwisho wa siku oga hapo hapo kazini, mpaka nywele.

6. Nguo za kazi zibaki kazini. Ovaroli na viatu visifike nyumbani. Kazini pakikosa mahali pa kuzifulia, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Usizikung'ute. Usimpakie mtoto kwenye pikipiki ukiwa umevaa nguo za kazi.

7. Barakoa sahihi. Kitambaa, leso, na ile nyembamba ya wakati wa Korona hazifungi uso, vumbi linapita pembeni. Inayotakiwa ni ya mpira inayobana uso, yenye filta za kubadilisha zilizoandikwa P100 au P3. Ndevu zinaiharibia, hewa inapita. Ioshwe, filta zibadilishwe, na isiazimishwe kwa zamu.

8. Glavu, ovaroli, miwani na buti. Kwenye betri hivi ni vya asidi pia. Glavu zikitoboka, tupa.

Ukiona bosi ameruka namba 1 mpaka 6 akakurushia barakoa na pakiti ya maziwa, ujue amekukabidhi wewe kazi yake.

Neno kwa mafundi simu na redio: ule moshi mweupe unaopanda unapochomelea si wa risasi hasa, unatokana na flaksi iliyomo ndani ya waya. Nao si mzuri, unaleta pumu, kwa hiyo fungua dirisha. Lakini risasi yako wewe iko kwenye vidole. Usishike waya kwa meno ukiwa umebanwa kazi, na nawa kabla ya kula.

KIPIMO CHA DAMU

Kuangalia macho na ulimi hakutoshi. Kipimo ni cha damu, na majibu yanaandikwa kwa mikrogramu kwa desilita. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2021, linasema ukifika 5, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Wanasayansi hawajapata kiwango ambacho kinajulikana kuwa salama kabisa.

Ili uone udogo wake: mtu mzima ana damu kama lita 5. Kiwango cha 5 maana yake ni robo ya miligramu ya risasi kwenye damu yako yote. Punje moja ya sukari ina uzito zaidi ya huo. Sasa fikiria vumbi lililo kwenye kisigino cha kiatu chako.

Sheria za Marekani kwa miaka mingi zimesema mfanyakazi wa kiwandani akifika 60 aondolewe kwenye risasi huku akilipwa mshahara wake, asirudishwe mpaka ashuke chini ya 40. Kumbuka hizo ni namba za tangu 1978, na wataalamu wengi wanaona ni kubwa mno. California ilikaza masharti yake kuanzia Januari 2025.

Ukienda kupima, damu itoke kwenye mshipa. Wakikutoboa kidole nawa kwanza vizuri, maana vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kudanganya kipimo. Si kila zahanati ina kipimo hiki, anzia hospitali kubwa ya rufaa. Na usisubiri uulizwe. Mwambie daktari wazi: "Nafanya kazi ya betri" au "Nakwangua rangi". Sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa na miaka ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo.

Mimi nilipima miaka mingi baada ya kuacha. Majibu yalikuwa chini. Daktari akaniambia nisishangilie sana, damu inasimulia ya miezi ya karibuni, ya zamani yako mifupani. Ukiwa bado kazini ndio wakati wa kupima.

HAKI ZAKO

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA. Inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi, atoe vifaa vya kujikinga, na wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara wakiwa kazini. Ugonjwa unaotokana na kazi unahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao michango yake inalipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako. Moshi ukitoka yadi ukaingia mtaani, malalamiko yanaenda kwa wasimamizi wa mazingira na serikali ya mtaa.

Kwa wadau wa Kenya ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 pamoja na WIBA ya mwaka huo huo, ofisi inaitwa DOSHS, na mazingira ni NEMA.

Najua utasema, "Kaka, mimi kibarua, sina hata mkataba." Basi weka kumbukumbu. Andika kwenye daftari tarehe uliyoanza, kazi unayofanya, majina ya mnaofanya pamoja, siku ulizougua. Tunza karatasi za hospitali. Mkilalamika, lalamikeni kumi, msimtume mmoja. Pale Owino Uhuru wananchi walisikilizwa kwa sababu walikuwa na majibu ya damu mkononi.

MASWALI NINAYOULIZWA

Nimefanya miaka mitano sijaugua, kwa nini nihofu? Kwa sababu risasi haikuulizi unajisikiaje. Presha na figo havipigi hodi.

Nikifanya siku mbili tu kwa wiki? Afadhali kuliko sita, lakini kinachoingia kinalimbikizwa.

Mke wangu mjamzito ananifulia. Afanyeje? Asizishike hizo nguo. Wewe ndiye uzifue, tena kazini. Na yeye apimwe.

Mtoto wangu anacheza jirani na gereji. Mpeleke akapimwe hata kama ana afya. Ubongo wa mtoto unaharibika kwa kiwango kidogo, na kilichoharibika hakirudi.

JIBU LA MDAU

Kaka, mwambie dogo amuulize bosi mambo matatu: moshi unatolewa wapi, tunaoga wapi kabla ya kwenda nyumbani, na damu tunapima lini. Bosi akiwa na majibu ya kuonyesha, dogo abaki na afuate mpangilio wa hapo juu. Akijibu kwa maziwa, dogo aondoke. Najua kibarua hakiokotwi, mwaka mzima nyumbani si mchezo. Kwenye biashara hiyo hiyo kuna kazi ya kuzunguka kukusanya betri nzima na kuziuza bila kuzivunja. Faida ni ndogo zaidi, ila hakai juu ya moto. Na kabla ya yote apime damu, ajue anaanzia wapi.

Wewe unayesoma, kama umefanya kazi hizi au unaijua yadi inayofanya vizuri, tuambie kwenye maoni hapo chini. Usitaje majina ya watu, taja wanachokifanya. Na kama una fundi betri, fundi rejeta au fundi rangi mtaani kwako, mpigie printi ya ile sehemu ya KINGA. Nimeiandika fupi makusudi itoshe ukutani.